Mama Mkwe Amepata Mume

Langley Park, Aprili 2004

Mke mwenzangu, bibi yangu kipenzi, shikamoo.

Huku mvua na baridi, lakini mama mkwe kanitoa ndani. Kasafiri kutoka Kentucky kumtafuta babu wa mababu zake. Wana wa mzee huyo walivuka milima kwenda kufyeka msitu, wakalowea huko. Mwenyewe alibaki huku, akazikwa karibu na Bladensburg.

Makaburi yamegeuka kichaka cha miiba. Bwana wangu akamsihi mamake turudi nyumbani. Akajibiwa, "Rudi wewe." Basi tukabaki sisi wawili na kisu changu cha jikoni, tunafyeka, viatu vimejaa matope, mpaka jiwe lenye jina la mzee likatokea.

Mama mkwe akasimama kama mgeni mlangoni, hajui aanzeje. Nikaanza mimi: "Wewe mzee, mume gani anajificha hivi?" Nikamweleza mama mkwe kwamba kwetu babu ni mume wa wajukuu zake wa kike, hata akiwa kaburini anataniwa. Alicheka mpaka akakaa kwenye majani mabichi. Kisha akaweka kiganja kwenye jiwe, akamwambia, "Wanao waliondoka wasigeuke nyuma. Mimi nimerudi."

Bibi, na mimi niliondoka. Sikuwepo mlipomzika mume wetu. Desemba nakuja kumpalilia kwa mikono yangu, potelea mbali kazi. Nawe usithubutu kumfuata kabla sijafika. Mwache apumzike, umemsumbua vya kutosha.

Mke mdogo,
Rehema