Injini Yako na Karasha ya Baba Mdogo

Mama,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu sijui namna nyingine ya kuanza na wewe, na nikiiruka najua utanuna hata huko uliko. Ni mimi, Robi. Nimekaa ndani ya gari lako, kiti kile kile, hapa uani kwetu Nyamwaga, naandikia juu ya usukani. Wengine wamekwenda kanisani. Mwandiko wangu uuvumilie.

Nataka nikusimulie ya jana. Lakini kwanza ujue kilichotokea baada ya kukuzika, la sivyo hutaelewa kwa nini nilipanda milima ya Nyamongo mchana wa jua kali na hita imewashwa hadi mwisho.

Matanga yalipokwisha, baba mdogo Ryoba aliitisha kikao cha ukoo. Nilipomwona amevaa lile koti lake la mikutano nikajua kuna jambo. Ng'ombe hawakuleta maneno. Shamba likabaki kwangu na wadogo zangu, sawa. Halafu akafika kwenye gari. Mama, unajua alisemaje? Alisema bodi ya gari haina kazi, ila injini ina nguvu, kwa hiyo aing'oe akaifunge kwenye karasha yake kule Nyamongo, imsagie mawe ya dhahabu. Injini yako! Uliyoifumua na kuifunga kwa mikono yako mpaka kucha zikawa nyeusi, ikazungushe mapipa ya mawe kutwa kucha kwenye lile vumbi!

Nikasimama. Najua mtoto wa kike hasimami kikaoni namna ile, lakini nilikuwa nimeshasimama. Nikasema hili gari halisagi mawe, hili gari linakimbia, na mimi naweza kulikimbiza. Wazee wakaguna. Baba mdogo akacheka kicheko chake kile cha puani, akasema: "Haya. Kuna mashindano ya magari Issenye. Kashindane nalo kama mama yako, mizunguko yote, si kwenda kutembea. Likirudi hapa kwa miguu yake, ni lako. Likirudi kwa kamba, ni la karasha." Wazee wakaona ni haki. Kikao kikaisha, watu wakaenda kula.

Nilitoka pale nina hasira hadi masikio yanapiga kelele. Nilidhani nimemkasirikia baba mdogo. Nilipofika kwenye gari nikagundua nimekukasirikia wewe.

Ndiyo, wewe. Uliyekuwa unatuimbia kila siku tusizime injini ghafla. Ulikuja na sheria hiyo kutoka kule mgodini, ulipokuwa unaendesha yale malori makubwa: injini yenye turbo ikitoka kwenye kazi nzito haizimwi, inaachwa ingurume polepole mpaka moto ushuke, maana ukizima ghafla oili inasimama ndani ya turbo na kuungulia humo. Tulikuwa watoto, tuna njaa, tunakuona kupitia kioo umekaa tu, mikono juu ya usukani, gari linanguruma. Mgeni akija kukuulizia tunamwambia, "Mama bado anapoza." Majirani walikuwa wanatushangaa. Halafu wewe mwenyewe, Mama, unaanguka jikoni na sufuria ya maziwa mkononi, presha, basi. Hukuumwa hata tukakuuguza. Hukusema neno. Ulizimika ghafla, wewe!

Basi. Niendelee.

Nilimfuata Masanja, yule fundi Msukuma aliyekuja kuchimba dhahabu akaishia kuchimba magari ya watu. Unamjua, mlikuwa mnagombana kila Jumamosi. Alilia uliposhushwa kaburini, nikuambie tu, alilia kuliko mashemeji zako. Lakini kwenye gari hajabadilika. Siku ya kwanza tu ameshika bisibisi: "Robi, tuongeze pumzi ya turbo, wale wa Mugumu watatuona taa za nyuma tu." Nikamwambia pumzi ikiongezeka na moto unaongezeka, huo moto tutaupeleka wapi? Akasema kidogo tu. Nikasema hata kidogo hapana, iache alivyoiacha mama, mimi sitafuti kikombe, natafuta kurudi nyumbani. Akasonya siku nzima. Ila kazi aliifanya vizuri. Alisafisha rejeta, akabadilisha mabomba ya maji, akaweka kulanti mpya, yale maji ya kijani ya kupozea injini. Na vile vipande vya godoro ulivyozibia pembeni mwa rejeta ili upepo wote upite katikati usikwepe, alivikuta vizima. Nikamwambia hilo ni godoro langu la bwenini, mama alilikata siku niliyomaliza shule, hata hakuniuliza. Tukacheka sana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu ulipoondoka.

Issenye palijaa watu. Bodaboda wamepanga pikipiki zao ukingoni mwa uwanja na wengine wamesimama juu yazo ili waone vizuri. Baba mdogo naye alikuja, na pikapu yake, na kamba. Aliiweka nyuma juu ya mizigo yote, imekunjwa vizuri, ili niione. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba kwa upole kabisa, kama mtu ambaye hana neno na mtu.

Mama, nilikuwa naogopa. Mizunguko ya mwanzo nilibana usukani mpaka vidole vikafa ganzi. Halafu lile gari lako likaanza kunivuta lenyewe. Unajua pale turbo inapoamka, ule mluzi, na mgongo unabanwa kitini? Nikasahau kila kitu. Nikawapita wawili kwenye kona ya vumbi, nikawa wa pili, naona mkia wa gari la mbele, watu wanapiga kelele, nikasikia raha mpaka nikaona aibu, maana mama yangu amekufa na mimi nasikia raha.

Ndipo nikatazama geji. Mshale wa joto umevuka katikati.

Nikakusikia. Sisemi mambo ya mizimu, nasema nilikusikia kama ninavyojisikia mwenyewe: "Mshale ukivuka katikati, mguu unarudi. Hakuna mjadala." Na gari la kwanza lilikuwa hapo hapo, ningelipata! Mguu ulikataa. Nikautoa kwa nguvu, nikapanda gia moja juu, nikaacha nafasi kwa aliye mbele ili rejeta ipate hewa safi badala ya vumbi lake na joto lake. Mmoja akanipita. Masanja alikuwa ukingoni amejishika kichwa kama aliyefiwa tena. Mshale ukarudi taratibu. Mzunguko wa mwisho yule aliyenipita akarusha jiwe kwa tairi la nyuma, nikasikia *ta!* mbele yangu, chini ya boneti. Nilimaliza wa tatu.

Sikuzima. Watu wanagonga kioo wanipe mkono, mimi nimekaa napoza. Masanja akachungulia chini, akainuka uso umebadilika. Maji ya kijani yanadondoka. Jiwe lilikuwa limetoboa rejeta.

Baba mdogo alikuja na yeye akachungulia. Alikwenda kwenye pikapu yake akaichukua kamba, akaanza kuikunjua.

Nikamwambia, "Baba mdogo, subiri." Sauti ilinitoka ya ukali mpaka nikaongeza "naomba." Injini ilipopoa nikaizima, Masanja akashika plaizi, akaviminya vile vijibomba viwili vya rejeta vilivyotoboka, akavikunja na kuvikunja tena mpaka maji yakakoma. Tukajaza. Akaniambia kwa sauti ya chini, asisikie mwingine: "Tundu limeziba. Lakini sasa rejeta imepungua. Tambarare litakwenda. Mlima sijui." Na wewe unajua, Mama, kutoka Issenye kurudi kwetu mlima uko mwisho.

Tukaondoka, mimi na Masanja na madumu ya maji. Pikapu ya baba mdogo nyuma yetu. Njia nzima kila nikitazama kioo, naiona. Nata tukapita, Mugumu tukapita, mshale umetulia, mpaka Masanja akaanza kupiga hadithi za mademu wake. Tukavuka daraja la Mto Mara, barabara ikaanza kupanda, na Masanja akaacha hadithi, akaukodolea macho mshale.

Mshale ukapanda na sisi. Nilikanyaga kidogo tu, turbo isiamke kabisa, gia ya chini injini isihangaike, feni inazunguka. Bado unapanda. Ukavuka katikati. Ukaendelea. Kwenye kioo baba mdogo alinisogelea mpaka nikaona anavyotafuna kijiti. Masanja akasema tusimame, nikasema nikisimama kwenye huu mlima bila upepo, huu mshale utaruka. Akasema usiposimama litaunguza gasketi. Tulikuwa tunapigiana kelele, wote tunaogopa, na mimi nalia, nasema sasa niende wapi mama, niende wapi!

Hita, Mama.

Ile hita ya kupasha joto ndani ya gari, waliyokucheka nayo. Kila dereva wa mashindano anaing'oa kupunguza uzito, wewe ukakataa, wakakuuliza hita ya nini kwenye joto hili la Mara, unakausha samaki? Siku moja tu uliniambia, tunaosha gari, kama unaongea na ndoo: "Hita ni rejeta ya pili. Ukiwa huna pa kuupeleka moto, upeleke kwako."

Nikaigeuza hadi mwisho, feni yake hadi mwisho. Moto wote wa injini ukatupiga usoni. Jua la saa nane, Mama, na tunapulizwa hewa ya tanuri! Vioo wazi havikusaidia kitu. Masanja akavua shati, akatoa kichwa nje kama mbuzi kwenye lori. Jasho likaniingia machoni nikawa sijui lipi jasho lipi machozi. Miguu ilikuwa inaungua ndani ya viatu. Bodaboda mmoja akatupita na abiria wake, wote wawili wakageuka kututazama mpaka karibu waingie mtaroni.

Mshale ukasimama. Nikahesabu mawe ya barabarani ili nisiutazame. Nilipoutazama tena ulikuwa umeshuka, kidogo sana, upana wa ukucha. Masanja akasema, "Usiguse kitu." Sikugusa kitu.

Nyamongo tukaingia polepole, pikipiki kila upande, na nikazisikia karasha zinavyosaga, ule mngurumo mzito unaotikisa hadi kiti. Nililipapasa gari kwenye dashibodi. Nilisema, siyo leo.

Likaingia uani kwetu kwa miguu yake, Mama. Kwa miguu yake! Wadogo zangu wakatoka mbio, nikawapungia mkono wasisogee. Hita nikaiacha. Injini nikaiacha inanguruma.

Baba mdogo akaegesha, akaja na kamba begani. Akainama dirishani, joto likampiga, akarudi nyuma. "We mtoto, umeshafika. Zima basi."

Nikamwambia, "Bado napoza."

Akaweka kiganja juu ya boneti kama anavyomshika ng'ombe mgonjwa, akakitoa haraka kwa moto, akakirudisha. Halafu akasema, bila kunitazama, "Mama yako alikuwa anatuchelewesha chakula namna hii hii." Sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya msiba. Alisimama hapo hapo, mkono juu ya boneti, hakuondoka. Baadaye alikwenda na ile kamba akafungia ndama wetu aliyekuwa anazurura migombani, akaondoka bila kuidai. Mpaka sasa iko kwenye shingo ya ndama.

Mimi nilibaki. Mshale ulikuwa umeshashuka kitambo, ningeweza kuzima, lakini nilikaa. Nilikaa kwa ajili yako, Mama. Kwa sababu wewe hukupata hata dakika moja ya kupoa. Uliendesha, ukalea, ukahangaika na sisi, halafu ukazimwa ukiwa na moto wote ndani yako. Nikasema basi nimpozee mimi. Nikakuambia yote niliyokuwa sijakuambia, kwa sauti, na hita inanipuliza, na Masanja amelala chini ya mgomba bila shati.

Halafu nikageuza ufunguo. Pakawa kimya, zile tik tik za chuma kinachopoa, halafu kimya kabisa.

Rejeta nitaitengeneza wiki hii. Hita haing'olewi. Na nakuahidi, atakayepanda gari hili baada yangu nitamfundisha kukaa humu ndani mpaka lipoe, hata kama wanamsubiri kwa chakula.

Sasa pumzika, Mama yangu. Umeshapoa.

Wako,
Robi