Mizani ya Bibi wa Maendeleo

Garsen, 1956

Kwako mwanangu Hirbo, huko Mombasa,

Ng'ombe wazima, mimi meno yanapungua, ulimi haupungui. Bibi wa Maendeleo, yule afundishaye akina mama ulezi, alitundika mizani yenye mfuko apime watoto. Wanawake wakagoma: "Mtoto apimwe ratili kama ngozi ya mbuzi dukani?" Nikaingia mimi kwenye ule mfuko. Kamba ikakatika, nikaangukia matako. Mkeo Dahabo akacheka sana, hata akakubali kumtoa Gumato wenu apimwe. Kamba ilipofungwa tena, mtoto akatiwa. Bibi akasoma ratili, hakucheka. Kesho tunampeleka mtoto kwa daktari huko Ngao, kwa mtumbwi wa Wapokomo. Amekonda, amekwisha mwili, Hirbo. Dahabo amenikataza kukuandikia, eti utaacha kazi. Basi usimwambie nimeandika. Njoo tu.

Babako mkorofi,
Roba