Sikuunguzaka Ile Écran

Papa Ilunga,

Sikuandikii juu ya kulia. Nakuandikia juu niko na kasirani, na weye ulikufa mbele ya minyi kusema.

Tangu tulikuzika, minyi njo nafungulaka atelier yako ya kutengeneza machine asubui. Bantu banaleta machine zao, lakini banauliza kwanza: "Ni weye ule mwenye aliunguzaka écran, kioo ya computer, kule ku masomo?" Njo jina uliniachia, chef.

Ile siku ku masomo ulinipa câble, waya ya kupitisha picha, kichwa moja VGA, ingine HDMI. Ukasema, "Enda, funga computer ya zamani na écran ya mupya." Nikafunga. Écran ikabaki nyeusi. Ukafika, ukapiga kelele mbele ya préfet, mukubwa wa masomo, na balimu: "Mukono ya mwanamuke na courant ya umeme havipatane! Ameunguza!" Ukaibeba ku atelier, kisha siku tatu ukarudisha écran inawaka, ukasema umeitengeneza. Balimu bakakupigia mikono. Minyi mujinga, nikaomba musamaha.

Juma hii ku masomo baliniita, picha inatetemeka. Nikaangalia nyuma ya écran. Kumbe! Kuko kasanduku kadogo katikati ya câble mbili, na waya ya kukapa courant: convertisseur. Ile computer ya zamani inatuma picha sawa mawimbi, écran yenyewe inasikia namba tu. Câble peke yake haiwezi kugeuza kitu. Inaomba mwenye kutafsiri pale katikati. Na vis, misumari ya kuzungusha yenye kufunga mugongo ya écran, ziko bado na kakaratasi ka usine juu, kenye kupasuka ukizifungula. Haukufungulaka ata moja! Ulikosea câble, kisha ukaona, ukatia kasanduku, na makosa ukaniachia minyi.

Ona weye! Courant ikipoteaka, ulikuwa unanifungisha macho, nahesabu meno ya VGA na kidole, kumi na tano, nikikosa unacheka mupaka machozi. Nilikupenda sawa baba. Njo maana inaniuma, mutu mubaya weye.

Samedi, Jumamosi hii, tunamaliza matanga. Muke yako ameniomba niseme neno muzuri juu yako, na unajua desturi: mwenye neno na marehemu, aliseme ile siku, kisha inaisha. Préfet atakuwa pale, balimu pia. Nitasema ulinifundisha kazi, juu ni kweli. Kisha nitasema ulidanganya, na nitabaonyesha zile vis kwa picha ya telefone.

Lala, Papa Ilunga. Samedi nitasimama mbele ya bote, na sitaomba musamaha.

Mwanafunzi yako,
Mama Ngoy