Mkate Juu ya Mlango wa Jiko

Jumatatu, 5 Agosti 2002

Sauti ya chuma. Ndiyo iliyoniamsha leo, na ndiyo iliyokuwa ikiniamsha kule. Baba anapandisha mlango wa duka hapa chini yetu, chuma kinalia mpaka juu, kisha kimya. Mwaka mzima huko Salamanca, Hispania, doña Pilar, mama mwenye nyumba niliyopanga, alipopandisha vifuniko vya madirisha asubuhi, sauti ilikuwa ileile. Kabla sijafumbua macho nilikuwa Bujumbura, mtaa wa Asiatique, kitandani kwangu. Sasa niko kitandani kwangu kweli, na kabla sijafumbua macho niko kwa doña Pilar. Sina pa kuamkia.

Nimezoea tena. Chai, duka, vitenzi vya Kihispania nyuma ya meza ya kuuzia, mteja, vitenzi. Leo mama mmoja wa mtaa wa Kiriri, dereva akimngoja nje, alifunua vitenge vyote vya rafu ya juu. Akanunua uzi.

Ndege yangu ni Jumamosi, 14 Septemba. Umebaki mwaka mmoja wa shule ya lugha, halafu mtihani, halafu cheti cha kufundisha. Bila cheti mimi ni msichana aliyekwenda kutembea Ulaya. Baba hajasema niende wala nisiende. Tarehe ikitajwa, anakohoa.

Jumanne, 6 Agosti

Bibi, mama yake Baba, bado hajanishushia mkate wangu.

Ni desturi ya nyumba hii, Bibi aliirithi kwa mama yake. Anayesafiri huuma mkate mdogo mara moja, akiwa amesimama. Uliobaki hufungwa katika kitambaa cheupe na kuning'inizwa juu ya mlango wa jiko. Akirudi, Bibi anaushusha, msafiri anaonja chembe, na uliobaki anaufikicha kwa mkono wake mwenyewe na kuwamwagia njiwa uani. Hapo ndipo amerudi. Kabla ya hapo, hata kama amekaa mezani anakula wali, yuko njiani.

Juu ya mlango kuna vifurushi viwili. Changu, na cha kaka yangu Nasir. Nasir alikwenda Muscat mwaka 1995, vita vilipochacha, akasema ni kwa miezi mitatu. Ana mke huko sasa, ana watoto. Kifurushi chake kimekuwa rangi ya majivu. Baba hupita mlango ule ameinamisha kichwa, na Baba ni mfupi.

Juzi Bibi aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Nadhani amesahau mkate. Inaniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Ijumaa, 9 Agosti

Milio ya bunduki na mizinga milimani tangu alfajiri. Baba alishusha chuma mchana. Tulikaa kwenye ukumbi mwembamba, mbali na madirisha, Mama na tasbihi yake, mimi na kamusi.

Nilimkumbuka doña Pilar. Wiki yangu ya kwanza, kipande cha mkate kilimdondoka. Akakiokota, akakibusu, akakirudisha mezani. Vilevile kama Bibi. Nilikwenda chooni nikalia. Nilidhani watu wanaobusu mkate ulioanguka wako nyumbani kwetu tu.

Alhamisi, 15 Agosti

Sikukuu ya Wakristo, Kupalizwa kwa Maria. Espérance amekuja kutoka Mutanga Nord moja kwa moja baada ya misa, amevaa gauni la buluu, viatu mkononi. Tulikaa dawati moja sekondari, lycée, miaka sita. Amepiga kelele tangu ngazini, akiniita Mhispania: "Hé, l'Espagnole! Ulituletea nini? Accent tu?"

Nikamwambia kuhusu Baba na kukohoa kwake. Akanishangaa.

"Mi ningekuwa na ile billet yako ya ndege, ningekuwa nalala ku aéroport tangu leo. Mutu anapata bahati, anaiangalia tu!"

"Si rahisi, Espé."

"Apana, si rahisi. Kuuza vitenge ndiyo rahisi. Baki basi, utaoza hapa kama tomate, mi nitakuja kukununua bei ya jioni."

Tulicheka mpaka Mama akaja kutazama. Espérance alipoondoka nilibaki na uchungu wa ajabu. Nilimkumbuka Espérance nilipokuwa kule. Ameondoka sasa hivi na bado ninamkumbuka.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimeushusha mwenyewe.

Bibi alikuwa amelala baada ya swala. Jiko lilikuwa tupu. Nilipanda kwenye kigoda. Sikutaka kitu kikubwa, nilitaka tu kuwa nimefika. Nimechoka kuwa mgeni mezani kwetu. Mkate ulikuwa mgumu kama jiwe, alama za meno yangu bado zipo. Nilionja chembe. Vumbi na ufuta. Nikaufikicha uani huku nikilia, njiwa wakashuka.

Baba alikuwa amesimama mlangoni, katoka msikitini, kofia mkononi. Aliwatazama njiwa. Akanitazama. Akanishika mabega na kusema, "Karibu, mwanangu," kana kwamba ndiyo kwanza natoka uwanja wa ndege. Macho yake yalikuwa yamelowa. Sijawahi kuyaona hivyo, hata Nasir alipoondoka.

Jioni alituma halua kwa majirani wote.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimekosea. Nimekosea vibaya.

Bibi aliingia jikoni, akatazama juu, akaona kifurushi kimoja.

"Nani kaushusha?"

"Mimi, Bibi. Nilidhani umesahau."

"Nasahau majina, mke mwenzangu. Mkate sisahau." Hata akikasirika haachi utani wake wa bibi na mjukuu.

Akakaa. Akaniambia taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. Aliuacha makusudi. Mwenye mkate juu hazuiwi, kwa sababu mtu aliye njiani haambiwi asiende. Baba anaijua desturi hii, kalelewa nayo. Ndiyo maana alikuwa akikohoa tu. Hakuwa na ruhusa ya kusema. Sasa nimejishusha mwenyewe, mbele ya macho yake. Kwake ni neno langu. Nimerudi, nimebaki.

"Halua umekula?" akauliza Bibi.

"Nimekula."

"Haya."

Jumatano, 21 Agosti

Fundi wa rangi alikuja na ngazi. Ubao wa duka, tangu Nasir alipozaliwa, umesema Salim na Mwana. Leo fundi ameongeza chini yake, kwa rangi ya kijani: na Binti. Baba alisimama barabarani kutwa, anamwelekeza herufi. Majirani wanampongeza. Ameniwekea kiti changu, chenye mto.

Nilitabasamu. Nikakikalia.

Sijui kama amewahi kunipa kitu kizuri kuliko hiki. Ndiyo taabu yenyewe.

Jumamosi, 24 Agosti

Bomu limeangukia nyumba ya kina Espérance. Jiko tu. Hakuna aliyeumia, ila kuku. Amekuja kwetu na godoro, na picha ya marehemu baba yake kifuani.

"Limechagua cuisine," akamwambia Mama, "sababu limesikia mi sijuagi kupika." Mama akacheka huku analia. Lakini alipopewa chai, Espérance alikataa kuiweka picha chini, akanywa huku ameikumbatia.

Baba alisema neno moja, kwa upole. "Mwaka jana usingejua."

Kweli. Mwaka jana, habari zikiwa mbaya, nilikwenda duka la simu karibu na kituo cha mabasi na kusimama kwenye foleni na wanawake wa Ekwado. Kila mmoja chumba chake cha kioo, kila mmoja anapigia mama yake kelele. Simu ya kwetu iliita tu. Nilirudi kwa doña Pilar nikajifunza majina ya matunda. Mabomu yalikuwa yakianguka na mimi najifunza majina ya matunda.

Naona aibu. Nataka kwenda hata hivyo. Nimeandika hapa ili nione sentensi hizo mbili zikikaa pamoja.

Jumapili, 1 Septemba

Nimemwambia Baba. Dukani, tumefunga nusu, tunakunja vitambaa. Tulikuwa tumeshika ncha za kitambaa kimoja, kila mtu upande wake.

"Baba, mkate niliushusha kwa makosa."

"Mkate haushushwi kwa makosa."

"Sikujua Bibi ameuacha kwa nia."

"Ulijua unafanya nini. Ulikuwa unalia." Akaja kwangu na ncha zake, tukakutana, akachukua zangu. "Mtu halii kwa kitu asichokitaka, Salma."

Ni kweli nililia. Ni kweli nilikitaka. Ninakitaka bado: kufika, kukaribishwa, kukaa. Na ninautaka ule mtaa wa mawe ya rangi ya asali, na mwalimu anayesahihisha midomo yetu, na mimi niliye kule, asiyeitwa binti wa mtu. Kwa nini lazima mmoja wetu, wa hapa au wa kule, afe?

Jumanne, 3 Septemba

Bibi alikuwa akichambua mchele. Nilikaa karibu yake nikichambua naye. Akasema bila kuinua macho.

"Mkate ulioshuka haupandi tena. Lakini tanuri halijafa."

Akaendelea na mchele wake.

Jumapili, 8 Septemba

Ninakijua kiti changu sasa. Wateja wananiita Binti, kama ubao. Nimeuza vizuri wiki hii, vizuri kuliko Baba. Hilo linaniogopesha kuliko milio.

Mchana nilimkumbuka Nasir wa zamani. Jumapili kama hii alinipakia kwenye baiskeli mpaka ziwani, tukala mishikaki, tukangoja viboko watoe pua majini. Alinidanganya kwamba kiboko akipiga chafya mvua inanyesha. Nilingoja chafya hiyo utoto wangu wote. Sasa hakuna anayekwenda ufukweni kwa raha. Tunatazama ziwa kutoka juu ya nyumba, kama picha ya ukutani.

Na jioni, kama aliyeitwa, akapiga simu. Baba alizungumza naye maneno machache, ya bei na ya afya. Kisha nikapewa mimi. Sauti yake imenenepa. Aliuliza kuhusu Mama, kuhusu Espérance ("bado ana mdomo?"), halafu akashusha sauti.

"Mkate wangu upo?"

"Upo."

"Msiutupe."

"Hakuna anayeutupa, Nasir. Mama anaufuta vumbi kila Ijumaa."

Akacheka, cheko la kukosa pumzi. Akakata.

Baba alikuwa nyuma yangu. Alisikia yote, simu yetu inapiga kelele. Alikwenda jikoni. Nilimwona amesimama chini ya mlango ule, na kwa mara ya kwanza hakuinamisha kichwa. Alikuwa akikitazama kifurushi.

Ijumaa, 13 Septemba

Niliamka kabla ya sauti ya chuma. Usiku wa jana nilikanda unga chini ya macho ya Bibi, hakunisaidia hata kidogo. Asubuhi tukawasha tanuri. Mkate mmoja uliungua upande. Wa pili ulitoka vizuri, mdogo, ufuta juu.

Nikashuka nao dukani. Baba alikuwa ameshika mlango, hajaupandisha. Duka lilikuwa giza, linanuka nguo mpya. Nikasimama mbele yake. Nikauma.

Alinitazama nikitafuna mpaka nikameza. Halafu akanyoosha mkono. Nilimpa. Akatoa leso yake mfukoni, nyeupe, iliyopigwa pasi, akafunga mkate mafundo mawili. Hakuupeleka jikoni. Akapanda kwenye kiti changu chenye mto na kuufunga kwenye msumari ndani ya duka, juu ya mlango, mahali atakapouona kila akipandisha chuma.

"Mpaka mtihani," akasema, bila kugeuka.

"Mpaka mtihani, Baba."

Akashuka. Akapandisha mlango. Mwanga ukaingia, na mteja wa kwanza, anataka zipu.

Ubao hakuufuta. Kiti amempa Espérance, aanze Jumatatu, mpaka nyumba yao ijengwe. Kamusi ndogo nimemwachia pia. Tayari anamtukana fundi wa rangi kwa Kihispania, maana herufi moja ya ubao aliikosea.

Sanduku limefungwa. Mama anapiga pasi. Milimani kimya tangu juzi.

Niliuma padogo. Sehemu kubwa nimewaachia.