Alichokiona Bi Tatu

Mama,

Shikamoo. Naanza na salamu, maana ningeingia moja kwa moja kwenye jambo lenyewe ungenikatiza: "Salamu umeiacha wapi?" Haya, nimekuamkia. Sasa nisikilize, kwa sababu nina ugomvi. Ulianza kuwa ugomvi wangu na Bi Tatu, jirani yako, lakini umeishia mlangoni kwako.

Nimerudi Kibiti, mama. Wamenipanga kituo cha afya, na niliomba mwenyewe. Wenzangu niliohitimu nao, ambao wote wanagombania Dar, walidhani nimechanganyikiwa. Niliwaambia napenda kukaa karibu na kwetu. Ilikuwa uongo. Nilirudi kwa sababu nilitaka kujua umekufa na nini, na ni nani aliyejua akanyamaza.

Wewe hukuona mambo yalivyokuwa, ngoja nikusimulie. Mjomba Hamisi alinipigia simu nikiwa wodini, kule mbali nilikokuwa namalizia mafunzo, akasema mama amezidiwa, njoo. Kwetu maiti hangojeshwi, na safari ile unaijua. Nilifika nikakuta udongo bado mbichi na watu wanakula ubwabwa. Nikauliza mama aliumwa nini. Mjomba akasema presha. Jirani wa upande wa msikitini akasema malaria iliyopanda kichwani. Mama mmoja akanivuta pembeni, akaninong'oneza kwamba ule ni mkono wa mtu. Maradhi matatu kwa marehemu mmoja, na kila mmoja anasema bila kunitazama usoni. Ningekuwa mjinga kama nisingeshuku.

Kisha nikasikia kubwa zaidi. Kwamba uliusia mwenyewe uoshwe na Bi Tatu na mdogo wake yule wa Salale, wengine wote wabaki nje. Shangazi zangu walifika na mitandio yao mipya na maji wamechota, wakafungiwa mlango. Wamenuna mpaka leo. Nikajiuliza, mtu anaogopa nini kuonwa na mawifi zake wakati hata aibu haina kazi naye tena?

Basi nikamwandama Bi Tatu.

Unamjua Bi Tatu kuliko mimi. Anakaa barazani anasuka ukili, na mdomo wake hauna breki. Nani kaachwa, nani kapewa talaka ya tatu akafichwa na ndugu, mchele wa nani umechanganywa na wa mwaka juzi, yote utayapata pale bila kuuliza. Mtu wa namna hiyo akinyamaza, ujue kuna kitu. Siku ya arobaini yako alikaa jikoni na moshi kutwa nzima, yeye ambaye hukaa mbele apate kusema. Nilipoingia kuchukua sahani, akainama kwenye chungu cha nazi kama vile hajawahi kuona nazi.

Nilipohamia nyumbani kwako nikamfuata. Sikuzunguka. Nilimwambia, "Bi Tatu, wewe ndiye uliyemwosha mama. Ulimwona nini?" Akaweka ukili chini. Akasema, "Mwanangu, mwosha akitoka ndani ameshasahau. Nilichokiona kwa maiti nimemwachia maiti." Nikamwambia mimi ni daktari. Akanitazama kwa yale macho yake. "Haya, daktari. Wewe ukimaliza kumtazama mke wa mtu huko ndani kwako, huenda sokoni kutangaza?" Swali hilo likanikera. Nikaondoka nikiwa na hakika kwamba anaficha jambo, na kwamba jambo hilo lina mwenyewe aliye hai.

Wakati huohuo mji nao ulikuwa unanishuku mimi. Wiki ya kwanza kaliingia kababu kutoka Mtawanya, kakaniuliza, "Daktari yuko wapi?" Nikasema ni mimi, babu. Kakasema, "Haya, nitamngoja." Kakakaa kwenye benchi mpaka alasiri, kakanitazama nikiingia na kutoka, kisha kakaenda zake bila kutibiwa. Sokoni muuza samaki ananichungulia kapuni: "Dokta, leo perege wawili, umepata mgeni?" Mji mzima unajua nimekula nini, nimelala saa ngapi, simu yangu inalia mara nyingi au kidogo. Ila hakuna anayejua mama yangu kafa na nini. Nilikuwa nikirudi nyumbani nafunga mlango, nawachukia wote, kisha nakula perege wangu.

Na wewe nilikushuku, nikuambie ukweli. Niliikumbuka likizo ile ya mwisho. Nilikuta nyumba inanukia udi. Wewe uliyekuwa ukifukiza siku ya sikukuu tu, tena kipande kidogo, ukisema udi umepanda bei, sasa chetezo hakipoi asubuhi wala jioni. Kanga umejitanda mpaka shingoni, na joto lile. Nikachukua dodoki nikakufuata uani nikusugue mgongo, kama tulivyozoea tangu nikiwa mdogo, wewe ukinisugua mimi nami nikikusugua wewe. Ukanizuia mlangoni: "Umeshakuwa mtu mzima, kila mtu aoge kivyake." Nikajisemea, mama ana mtu. Nikakutania, "Huyo bwana harusi ni wa Utete au wa Ikwiriri?" Ukacheka mpaka ukashika ubavu. Sasa nikiwa peke yangu humu ndani nikawaza, kama kulikuwa na bwana, basi yuko wapi, mbona hakuja mazikoni, na Bi Tatu anamfichia nini?

Kisha wakaanza kuja wanawake.

Mwanzo sikutambua. Anakuja mama mtu mzima, anasema ana mafua. Namsikiliza, namwandikia dawa, anainuka, mkono ukiwa kwenye kitasa anageuka: "Na huku je, dokta, hebu nitazame." Anagusa ziwa. Namtazama, hana kitu. Kesho yake mwingine, amekuja na mgongo. Mwingine na presha. Wote mkono kwenye kitasa, wote "na huku je." Wazima, mama, wazima kabisa, na ukiwauliza wameanza kusikia nini wanajikanyaga. Nikambana mmoja: nani kakutuma? Akachezea ncha ya mtandio, akasema, "Bi Tatu katuambia tuje tutazamwe. Ila kasema tusikwambie."

Hapo nikaona nimeshika mkia. Jioni nikiwa nyumbani nakunywa chai, nilianza kuchungulia dirishani. Ni kweli, wanawake niliowatazama mchana wanapitia barazani kwake, wanakaa kidogo, wanasema, yeye anatikisa kichwa huku anasuka. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Ananipima. Anataka kujua kasichana haka kana mikono ya kidaktari au kamebeba cheti tu, apate la kusema, nichekwe, niombe uhamisho, na habari ya mama yangu iishie hapo. Nilipanga kesi nzima kichwani, na mashahidi wake.

Tulipokwenda Salale kwa huduma ya mkoba, ile ya kuwafuata watu vijijini kwao, nilifurahi. Nikasema huko angalau mkono wake haufiki. Boti imefungwa kwenye mikoko, sanduku la chanjo halijafunguliwa, wakaja wanawake kutoka kwenye mpunga, matope mpaka magotini, wengine wameacha kamba wao juani. Hawana mtoto wa kuchanjwa, hawana mimba. Wanataka kutazamwa. Kumbe mdogo wake Bi Tatu, ambaye nilikuwa nimemsahau, kapita nyumba hadi nyumba. Mwenyewe nilimwona kwa mbali, ameshika upawa. Macho yetu yalipokutana akaingia ndani akavuta mlango.

Nikarudi Kibiti nimejaa. Nikaapa kwamba Ijumaa, watu wakitoka kuswali, nitasimama barazani kwake niseme yote mbele ya watu.

Hakuningojea. Alhamisi asubuhi nilimkuta kwenye foleni. Alikaa kimya bila kusemeshana na mtu, jambo ambalo kwa Bi Tatu ni dalili ya maradhi. Zamu yake ilipofika akaingia, akafunga mlango, akasema amekuja kupima presha. Nikaipima. Nzuri kuliko yangu. Nikamwambia anaweza kwenda. Hakuinuka. Nikasema moyoni, haya, sasa yanakuja.

Akavua mtandio, akafungua kanga. Akanishika mkono, mama, akauweka mwenyewe pembeni ya ziwa lake la kushoto, karibu na kwapa.

"Hapa," akasema. "Kama punje ya mbaazi. Nimekigundua majuzi tu. Sikungoja mpaka nifukize udi."

Akaongeza taratibu, "Nasema yangu. Ya mtu sijasema."

Mkono wangu ulibaki palepale. Nilikuwa nakisikia kile kiuvimbe chini ya kidole, kigumu, na huku nanusa nyumba yetu. Kanga iliyofika shingoni. Mlango wa uani. Ulivyocheka ukashika ubavu, na mimi nikadhani ni kicheko. Nimeshaona wodini ziwa lenye saratani linapofika pale ambapo mtu anahitaji udi kutwa nzima ili wa nyumbani mwake wasijue. Najua linavyoonekana. Najua sasa alichokikuta Bi Tatu alipokufungua kanga, na kwa nini shangazi walibaki nje, na kwa nini alishindwa kunitazama mbele ya chungu cha nazi.

Sikulia mbele yake. Nilimaliza kumpima, pande zote mbili, na makwapa, kama nilivyofundishwa. Nikamwandikia rufaa ya Dar, nikampeleka mwenyewe mpaka kituo cha basi. Alipopanda akatoa kichwa dirishani: "Hao wengine endelea kuwatazama. Wanaona haya, wasikutishe." Basi likaondoka, mimi nikarudi kazini nikajifungia chooni nikakulilia hapo.

Kwa hiyo ugomvi wangu ni na wewe. Miezi yote ile niliwashuku mjomba, jirani, mji mzima na mwanamke ambaye tangu akuoshe hajapumzika. Asingeweza kuwaambia wenzake alichokiona, basi akawafundisha kudanganya: semeni mafua, semeni mgongo, mkifika mlangoni geukeni. Mimi nilikuwa naangalia dirishani nikihesabu maadui.

Lakini wewe, mama. Ulizaa daktari, kisha ukamfukizia udi asinuse. Kwa nini? Nina dhana zangu, na hakuna hata moja inayonituliza. Pengine uliogopa nitaacha masomo. Pengine uliona haya kumvulia nguo mtoto wako. Pengine kuna mtu alikupa dawa ya kupaka akakuambia itakauka, na huyo nikimjua nitamwendea. Na Bi Tatu vilevile, sidhani kama alijua siku ya kukuosha tu. Mtu haachiwi wasia kama ule bila kuambiwa sababu yake. Sijamuuliza. Nikimuuliza najua atasema ameshasahau.

Nimekukasirikia sana. Nikifua nguo nakukasirikia, nikipika nakukasirikia, nikiona embe zilizoiva vizuri nasema mama angezipenda, halafu nakumbuka nimekasirika.

Bi Tatu amerudi jana. Kilikuwa ndicho, lakini amekiwahi, wamekitoa, na dawa ataendelea kuzifuata Dar. Hakufika hata ndani kwake, alianzia barazani: chakula cha hospitali hakina chumvi, wauguzi wa Dar hawajui kusalimia, mgonjwa wa kitanda cha jirani ana waume wawili. Mdomo umerudi. Niliposikia kelele zake nilisimama uani nikacheka peke yangu.

Shangazi walikuja wiki hii wakaniuliza tena, kwa kuwa sasa mimi ni daktari, mama yako hasa alikuwa na nini. Nikawaambia presha. Nilisema bila kuwatazama usoni, na nilipoinua kichwa Bi Tatu alikuwa ng'ambo ya ua, anasuka.

Chetezo chako nimekisugua mpaka masizi yakatoka, nimekiweka juu ya kabati. Kitashuka siku ya Idi tu. Sasa nakuaga, nina wagonjwa wanaongoja, na kababu ka Mtawanya kamerudi, safari hii kameniita daktari.

Ninalokuahidi ni hili. Mwanamke akiingia akaniambia hana neno, amekuja kupima presha tu, sitamwamini. Nitamwacha afike mlangoni, ashike kitasa, nitangoja ageuke. Asipogeuka nitamwita mimi. Na akinukia udi siku isiyo ya sikukuu, mama, hata kama ni mkubwa wangu, hata kama atanitukana, nitamwambia avue kanga.

Mungu akulaze pema. Nakupenda, na sikuamini tena.

Mwanao,
Salma