Wifi Hataki Machicha

Jumatatu, 28 Julai 2025

Jean-Berchmans amekuja kwangu Batsinda, hapa Kigali, leo bila kupiga simu. Kaka yangu huyu akija bila simu, ujue ana ombi. Gusaba ya Ihirwe ni tarehe tisa Agosti, kwake Gisozi. Wakwe watakuja kumposa binti yetu, na anataka niwapikie ikigage, pombe yetu ya mtama. Nimefurahi mpaka nikamkatia nanasi zima. Mama yetu hayupo, shangazi ni mimi – nani mwingine apike?

Akala nanasi. Akanawa. Ndipo akatoa kilichomleta: mkewe, wifi yangu Connie, anaomba kisiwe na machicha.

Nimemuuliza, ikigage au chai? Mtama ukiota, ukasagwa, ukapikwa, lazima uache kitu. Nilianza kuchuja pombe nikiwa na miaka kumi na miwili, Buyenzi kule Bujumbura, nyuma ya mama. Makapi natoa yote. Lakini ule unga laini unaobaki ndio mwili wa pombe. Connie atajuaje? Tangu aokoke, miaka ishirini sasa, hajaweka pombe mdomoni. Asiyekunywa ndiye anayetoa amri!

Jumatano, 30 Julai

Mtama niliuloweka jana. Leo nimeutandaza juu ya gunia na kuufunika.

Connie ametuma ujumbe wa sauti wa dakika nne. Kiswahili cha Uganda, Kinyarwanda, Kiingereza, vyote sufuria moja. Eti wakwe ni watu wa maana, huyo Shyaka anayemposa Ihirwe ana wajomba wenye vyeo. Eti pombe itanywewa kwenye glasi, na glasi haifichi kitu. Eti nikapikie kwake, aone. Aone nini? Mimi mwanafunzi?

Nimejibu: Sawa wifi. Maneno mawili. Mengine nayaweka hapa.

Jumapili, 3 Agosti

Mtama umeota, kimea kimekauka. Ukitafuna ni kitamu, kinavunjika vizuri. Kesho nakipeleka kusaga.

Baada ya misa nimepita Gisozi. Wifi ana chujio jipya. Amelitengenezesha Agakiriro, kule kwenye karakana, kwa fundi wa kuchomelea: la duara, chuma kisichoshika kutu, wavu mwembamba mno. Nimemwambia litaziba. Mtama si shayiri, hauna maganda ya kuacha nafasi maji yapite. Unga wake unakaa kama udongo. Akasema fundi amemhakikishia. Fundi wa mageti!

Jumatano, 6 Agosti

Nimechoka, nguo zinanuka moshi, lakini hili lazima niliandike.

Tumepika kwa Connie. Unga wa kimea kwenye maji moto, kukoroga, kupika, kuacha utulie. Mpaka saa tano kila kitu sawa. Ndipo likaletwa chujio. Tukamimina ndoo moja. Matone kumi, basi. Limeziba, kama nilivyosema. Connie akachukua mwiko, akaanza kukwangua na kukandamiza. Nikamwambia, wifi, acha, ukikamua unatoa uchungu wote. Hakusikia. Yaliyopita yalikuwa tope.

Nikaenda kuchukua kikapu changu. Nilikuja nacho kimefungwa ndani ya kitenge, maana watu nawajua. Chini natandika nyasi, zimechemshwa. Namimina polepole. Yale ya kwanza yakitoka na ukungu nayarudisha juu, mara mbili, mara tatu, mpaka machicha yajipange yenyewe na kuwa chujio. Hukandamizi. Unangoja tu. Yakaanza kutoka mekundu, matamu. Illuminée, jirani yao aliyekuja kusaidia kupika, alionja akafumba macho. Nilijisikia binadamu.

Connie akajaza glasi, akaiinua dirishani. "Iko na vumbi," akasema.

Vumbi. Jasho la wiki nzima, vumbi.

Nimepoza, nimetia chachu, nimefunika mitungi. Nimesema kwa sauti wote wasikie: isiguswe mpaka Jumamosi.

Ijumaa, 8 Agosti

Wameigusa.

Nimefika mchana kuangalia. Ikigage siku ya pili kinachemka chenyewe, kina povu, ukiweka sikio kinaongea. Hiki kimelala. Hata tone la povu hakuna. Nimeonja. Sabuni! Sabuni ya maua kabisa, mpaka puani.

Illuminée akanivuta nyuma ya jiko. Alijaribu kumzuia Connie, anasema – "Nilimwambia, Mama Ihirwe, mureke, iache, akakataa." Jana asubuhi Connie alipitisha pombe yote kwenye rido za madirisha ya sebuleni, zile nyeupe nyembamba. Alizifua kwanza, mara mbili, ziwe safi. Kwa sabuni ya unga na ile dawa ya kulainisha nguo, inayonukia. Halafu akachuja.

Nimeingia sebuleni. Madirisha matupu. Nimesimama pale kama mjinga. Hakuna muda wa kupika nyingine. Kimea hakioti kwa hasira, kingeota hivyo leo ningekuwa na magunia.

Connie alikuwa mjini, kwa mambo ya maua. Nimemwendea kaka yangu. Amekuna kichwa. Kreti za bia zipo, ndiyo, lakini wakwe wameshaambiwa kuna ikigage cha nyumbani, na babu yake Shyaka, Mzee Habumugisha, amekiulizia mara mbili. Tukikosa kukitoa watauliza kwa nini. "Wewe kesho onja kidogo tu, utabasamu," anasema.

Hapo ndipo nilipowaka. Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya wageni, wajue hakuna sumu. Na kesho atakayeonja kwa niaba ya nyumba ni mimi. Kwa hiyo wifi aharibu, mimi nimeze, na yule mzee anywe sabuni kwa kuniamini mimi. Nimemwambia Jean-Berchmans mdomo wangu si wa kukodi. Nimeondoka bila kuaga.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika chumbani kwa Ihirwe. Nimevaa umushanana wangu wa sherehe, nywele zimebanwa mpaka kichwa kinauma. Wageni wako kwenye hema. Wasemaji wa pande mbili bado wanataniana, wana dakika kumi hivi kabla ya vinywaji. Mzee Habumugisha amekuja na mrija wake wa mwanzi kwenye mfuko wa koti. Bia ya chupa ameikataa. Anangoja cha nyumbani.

Nimeamua. Nitaonja, nitatema, nitasema nani kafanya nini. Najua kutema mbele ya wakwe maana yake nini. Najua Ihirwe amekaa pale. Lakini nimechoka kubebeshwa.

Connie ameingia sasa hivi, amefunga mlango. Poda imechirizika. Nilingoja aanze kunieleza habari za usafi. Akauliza tu: "Wifi, iko namna gani? Mimi siwezi onja."

Nikamwambia. Sabuni. Haina povu, haina ladha, ni sabuni.

Akakaa kitandani, juu ya nguo za bibi harusi. Halafu akaniuliza kama nakumbuka kwa baba yake, Kabuga, mwaka tisini na nane, tulipokwenda kumposa yeye. Baba yake alitupikia pombe ya mtama kwa mikono yake, kama walivyopika Uganda. Na mtu mmoja wa upande wetu alionja, akatoa punje kwenye ulimi, akaionyesha watu. Akasema hawa wametukaribisha uji, basi watuletee na vijiko. Hema zima likacheka.

"Mzee wangu alisikia," akasema. "Alikuwa nyuma pale, anaosha mitungi. Hakupika tena mpaka anakufa."

Naikumbuka ile punje, ilikuwa kwenye ulimi wangu. Vijiko pia navikumbuka. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, nikijiona mjanja, na kicheko kile nilikwenda nacho nyumbani nikakisimulia kwa wiki nzima.

Hakunitaja jina. Alisema tu hakutaka Ihirwe achekwe.

Nimetaka kumwambia pole, kikatoka kikohozi. Bado nina hasira. Sijui tena na nani.

Wanaita. Msemaji wetu anasema shangazi yake Ihirwe aje aonje, wageni wana kiu. Wanapiga makofi. Kutoka dirishani namwona Mzee Habumugisha, ameshautoa mrija, anaufuta kwa leso. Connie amesimama, amenifungulia mlango. Anauangalia mdomo wangu –