Elia Kaitwa Usaili, Mimi Sikuitwa

Jumatano, mwezi wa nane. Upepo wa Dodoma umeamka na hasira zake, vumbi mpaka kwenye chai. Nami nimeamka na zangu.

Naona wivu. Acha niandike hivyo hivyo, nisisingizie uchovu.

Kesho Elia ana usaili wa nafasi ya utafiti baada ya uzamivu, huko Ulaya: miaka miwili ya kuchambua vinasaba kwa kompyuta, kujua mifugo ilitoka wapi na ilichanganyika lini. Niliomba nafasi hiyo hiyo. Tumesoma wote hapa chuoni Chimwaga, tumehitimu pamoja, sampuli za damu ya ng'ombe ni zile zile. Mimi nimejibiwa mistari miwili ya masikitiko.

Na sampuli hizo nani alizichukua? Mimi nilishinda kwenye mazizi ya Mpwapwa, nikapigwa teke la paja, huku Elia yuko ofisini kwa sababu samadi eti inampa mafua. Leo mtaalamu ni yeye!

Wiki iliyopita alinionyesha mchoro atakaowasilisha. Unadai ng'ombe wa vijiji viwili vilivyotengana mbali walichanganyika vizazi vingi vilivyopita. Kosa nililiona papo hapo.

Ng'ombe wale ni wa mzee mmoja. Wagogo hawaweki mali yote zizi moja. Wengine hupelekwa kwa shemeji au rafiki wa mbali, awatunze na kunywa maziwa yao, ili ukame ukipiga huku, kule wabaki. Mzee mwenyewe alinieleza nikiwa na sindano mkononi. Kwa hiyo hakuna mchanganyiko wa kale pale, ni ndugu wa zizi moja waliohamishwa juzijuzi. Jambo hilo nililiandika kwenye daftari langu, nikasahau kuliingiza kwenye jedwali analotumia yeye. Kosa ni langu.

Nikamwambia, "Mchoro umependeza."

Siku sita nimenyamaza. Kila nilipomwazia akikwama mbele ya wasaili, moyo wangu ulitulia. Nilifurahi, nisidanganye.

Leo asubuhi akaja mezani kwangu, akaniomba nimsikilize akifanya mazoezi. Alipofika kwenye mchoro alisimama wima, sauti ikapata nguvu, na aibu ikanishika mimi badala yake. Nikamkatiza, nikamweleza yote ya mzee na mashemeji zake.

Aliketi.

"Dada Zaina, umeniokoa. Mwingine angeniacha niumbuke. Hili umeligundua lini?"

"Leo," nikasema. "Nilikuwa napitia daftari."

Akaniamini. Sasa hivi yuko chumba cha pili anachora upya, na kwa maelezo yangu kazi yake imekuwa bora kuliko ilivyokuwa jana. Wivu haujapungua hata kidogo. Kila akipita mlangoni ananishukuru tena.

Akiipata nafasi ile, nitampongeza kwa uso gani?